KUHAMA NA WATOTO WADOGO: MZIGO UNAFIKA SIKU MOJA, MTOTO ANACHELEWA

Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Nataka tuongelee kuhama na watoto wadogo, maana naona watu wanahangaika wiki nzima na mambo ya fuso na kodi ya nyumba, halafu mtoto wanamkumbuka dakika za mwisho kama vile ni begi lenye miguu.

Nina sababu ya kuandika. Juni 2019 sista wangu na mumewe walihama Dar kwenda Dodoma. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, niko tu nyumbani, nikaambiwa niende nao nikasaidie watoto mpaka wazoee. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, mpwa wangu wa miaka mitatu na nusu akapotea. Na aliyeachiwa kumwangalia ni mimi.

Alipatikana, msiogope. Ila ngoja nianze mwanzo ili muelewe kosa lilikuwa wapi.

KWA NINI DODOMA

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, enzi za Mwalimu Nyerere. Miaka zaidi ya arobaini watu wakawa wanausikia tu redioni. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia Septemba mwaka huo huo, Desemba 2017 akafuata Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, na Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia.

Nyuma ya hao wakubwa kulikuwa na maelfu ya watumishi wa kawaida, na nyuma ya watumishi hao kulikuwa na familia. Shemeji alikuwa mmoja wao. Mtumishi akihamishwa kuna hela ya kujikimu siku za mwanzo, kuna ya kusafirisha mizigo, kuna na posho ya usumbufu. Sawa kabisa. Lakini posho ya bibi haipo! Kule Mbagala sista alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama yetu. Dogo alikuwa anakula kwa bibi, analala mchana kwa bibi, akichapwa anakimbilia kwa bibi. Hicho kitu hakipandi kwenye fuso.

TULIVYOMDANGANYA

Siku ya kuondoka dogo aliona kitanda chake kinapakiwa, akaanza kulia. Mimi nikamnyanyua nikamwambia, "Anko usilie, tunaenda kutembea tu." Akanyamaza palepale. Wote tukaona nimecheza kama Pele.

Basi tumefika Dodoma, baada ya kilomita kama 450 za kubanana kwenye basi. Siku ya kwanza yuko poa. Ya pili anauliza, "Tunarudi saa ngapi?" Namjibu, "Kesho." Siku ya tatu naosha vyombo uani, nageuka, geti liko wazi, dogo hayupo.

Nilikimbia huku na huku kama chizi, jina lake naliita mpaka sauti ikakauka. Nikamkuta kwenye genge la mama mmoja karibu na kituo cha daladala. Amekalishwa juu ya kreti, anakula ndizi, kandambili kavaa kulia kushoto, na begi lake mgongoni. Ndani ya begi kuna kikombe chake na fulana moja. Yule mama akaniangalia, akasema, "Nyie ndio wageni wa nyumba ile ya geti la bluu? Mtoto wenu anasema ameshatembea, amechoka, sasa anarudi kwa bibi yake."

Wadau, nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto hakuwa mtundu wala hakuwa mkaidi. Alifanya kile kile tulichomwambia! Mtu aliyekuja kutembea hufika siku akaaga. Tulimwambia ni matembezi, kwa hiyo begi lake hakulifungua.

Usiku ule nyumba iliwaka moto. Sista analia, anasema, "Mimi narudi na wanangu, wewe utatukuta likizo." Shemeji amekaa kimya, kesho yake asubuhi kazini. Jirani mmoja naye, kwa nia njema, akasema huenda mtoto "ana mkono wa mtu". Kidogo tu ndoa ingebaki kusimamiwa kwa simu.

KINACHOTOKEA KICHWANI KWA MTOTO

Mtoto wa umri ule hana ramani ya nchi wala kalenda kichwani. Dunia yake ni vitu vichache anavyovijua: uso wa mama, sauti ya bibi, kona ya kulalia, kikombe chake, harufu ya jikoni, adhana au kengele anayoisikia kila siku. Ukiviondoa vyote kwa mkupuo, mwili wake unarudi nyuma kutafuta mahali alipokuwa salama. Ndio maana utaona mtoto aliyeshaacha kukojoa kitandani anaanza upya, au ananyonya kidole, anamng'ang'ania mama hata chooni, anakataa chakula, anashtuka usiku analia. Wakubwa kidogo wanasema tumbo linauma kila asubuhi ya shule, Jumamosi halisumbui.

Kwa watoto wengi hali hii hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Usimchape kwa kukojoa kitandani, hiyo ni kuongeza hofu juu ya hofu. Ila kama ana homa, anapungua uzito, ameacha kabisa kuongea, au mwezi unapita na hali inazidi, mpeleke kituo cha afya.

MAMBO YALIYOTUSAIDIA

1. Tulimwambia ukweli. Sista alimpakata akamwambia kwa maneno mepesi: hapa ndipo nyumbani kwetu sasa, Mbagala hatulali tena, bibi amebaki kule. Alilia, jamani, alilia mpaka nikatoka nje. Kisha akauliza, "Bibi anahamia lini?" Tukamwambia bibi hahami, lakini tutampigia kila siku baada ya kula, na Desemba tutaenda kumwona. Kuanzia usiku ule akaacha kuvizia geti. Kulia alilia bado, siku nyingi tu, ila sasa alikuwa analilia kitu cha kweli.

Kama bado hamjahama, mwambieni mapema. Mtoto mdogo siku chache kabla zinatosha, mkubwa mpe wiki kadhaa. Mpelekeni akaage: bibi, rafiki zake, mwalimu, hata mti anaoupanda. Kuaga ndiko kunamfundisha kwamba safari hii sio matembezi.

2. Tulishika saa zile zile. Kuoga saa ile ile, kula saa ile ile, hadithi ile ile kabla ya kulala. Nyumba ikibadilika, ratiba isibadilike. Na shuka lake la zamani usilifue wiki ya kwanza ukatia na marashi, mwache alale na harufu anayoijua. Vitu vyake vipakie mwisho ili vishuke kwanza.

3. Tulitimiza ahadi ya simu. Hapa wengi wanaanguka. Ukisema kila siku, iwe kila siku, hata kama salio ni la dakika mbili. Ukikosa mara tatu umerudi kule kule kwenye "tunaenda kutembea".

NYUMBA MPYA INA HATARI ZAKE

Nyumba ya zamani mtoto anajua wapi pana shimo, nyumba mpya hajui. Kabla hujapanga makochi, zunguka ukiwa umeinama kwenye kimo chake: waya zilizo wazi, mfuniko wa shimo la choo, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, geti lisilofunga (mimi tena!).

Na maji. Sehemu zenye mgao watu wanajaza ndoo, mapipa na matangi. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo tu, kichwa kikitangulia hawezi kujinyanyua. Kila chombo cha maji kiwe na mfuniko.

Hali ya hewa nayo inachanganya. Dar ni pwani, joto na unyevu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, upepo na vumbi, na Juni hadi Agosti usiku baridi linauma kweli. Wiki ya kwanza mpwa wangu wa kike alitoka damu puani, sista akadhani ni ugonjwa mkubwa. Mara nyingi ni ukavu tu wa hewa. Mkalishe, ainamishe kichwa mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kama dakika kumi. Usimlaze chali, damu inaenda kooni. Ikikataa kukata, hospitali. Mpe maji ya kunywa mara kwa mara, mpake mafuta, mvalishe sweta usiku.

Vumbi na nzi wanahitaji uso safi. Mkoa huu una historia ndefu ya ugonjwa wa vikope, na wilaya ya Kongwa ni moja ya sehemu ambako watafiti walichunguza jinsi kuwanawisha watoto uso kunavyosaidia kupunguza ugonjwa huo. Hata kwenye mgao, maji ya kikombe kimoja ya kunawa uso asubuhi na jioni yasikosekane.

MAKARATASI YA KUBEBA MKONONI, SIO KWENYE FUSO

Kadi ya kliniki. Mtoto haanzi upya chanjo kwa sababu amehama, anaendelea pale alipoishia. Surua na rubella dozi ya kwanza ni miezi tisa, ya pili miezi kumi na minane, na hii ya pili ndiyo inayosahaulika ovyo hasa familia ikiwa kwenye pilika za kuhama. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa walio chini ya miaka mitano hutolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Wiki ya kwanza uliza kituo cha afya cha karibu kiko wapi, usisubiri saa nane za usiku mtoto ana degedege.

Cheti cha kuzaliwa na uhamisho wa shule. Usimtoe mtoto shule kimyakimya, anza na mwalimu mkuu wa shule anayotoka. Siku hizi kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake ya PReM kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo inamfuata anakokwenda. Iandike mahali.

Serikali ya mtaa. Nendeni mkajitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya mtaa, na mtoto mwende naye. Siku dogo alipopotea hakuna mtu aliyekuwa anatujua zaidi ya rangi ya geti. Ingekuwa mwezi mmoja baadaye, mtaa mzima ungekuwa unajua huyu ni wa nani.

MAJIRANI NA SHULE

Yule mama wa genge ndiye aliyetuokoa mara ya pili. Sista alikwenda kumshukuru, wakazoeana, wanawe wakawa wanakuja kucheza kwetu. Aliwafundisha watoto wetu kusalimia Kigogo, "Mbukwenyi!" Dogo akawa anaisalimia mpaka mbuzi. Kila akisalimia mtu mzima anacheka na kumjibu, na mtoto anayejibiwa mtaani haoni tena kwamba yuko ugenini.

Dada yake wa darasa la kwanza ilimchukua muda zaidi. Shuleni walimcheka anavyoongea "kama yuko kwenye TV", mapumziko alikuwa anakaa peke yake. Hakusema. Tulijua kwa sababu hela yake ya maandazi ilikuwa inarudi nyumbani kila siku. Sista akaenda kumweleza mwalimu, mwalimu akamkalisha na binti mmoja mchangamfu wa jirani wawe wanatembea pamoja. Rafiki mmoja tu alitosha. Kwa hiyo mzazi, usiulize "shule ilikuwaje?" maana utajibiwa "nzuri". Uliza leo umecheza na nani.

NA MAMA JE?

Hili ndilo sikulijua. Shemeji alikuwa na ofisi na wenzake waliohama naye. Sista alikuwa ameacha biashara yake ya vitafunwa, wateja, kikoba na mama yake mzazi. Alikuwa anashinda na kuta nne na mtoto anayelia, halafu jioni anaulizwa kwa nini amenuna. Mtoto anamsoma mama kabla ya kuisoma nyumba. Mambo yalianza kutulia kweli shemeji alipoanza kushinda na watoto Jumamosi asubuhi ili sista atoke. Alipopata kikoba kipya na akaanza tena kukaanga maandazi, hata ule mkojo wa usiku ukakata. Mimi nasema havikukutana kwa bahati.

Desemba tulirudi Mbagala kama tulivyoahidi. Dogo akamkumbatia bibi, akala, akacheza siku nne. Siku ya tano akamuuliza mama yake, "Tunarudi lini nyumbani?"

Bibi alicheka, lakini nilimwona akifuta macho na kanga. Kuna anayezoea kuhama, na kuna anayezoea kuachwa, huyo wa pili hatumwandikii mara nyingi. Siku hizi afadhali, tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi ni masaa machache, na bibi anakwenda mwenyewe. Dogo amekua, anamsubiri na zabibu.

Haya wadau, nyie mlihamaje? Kuna aliyeambiwa "tunaenda kutembea" utotoni na mpaka leo hajarudi? Tiririkeni hapo chini. Na kama kesho una fuso, leo usiku kaa na mtoto umwambie.