"Break out": Maana Zake, na Namna ya Kuitafsiri Goma

Vijana wengi wa Goma siku hizi wajifunza Kiingereza. Shuleni husomeshwa kwa Kifaransa. Lakini ng'ambo ya mpaka, huko Gisenyi, Kiingereza ni lugha ya masomo tangu Rwanda ilipokata shauri hilo mwaka 2008, na tangu mwaka 2022 Kongo nayo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidii yao yastahili sifa. Walakini lugha hiyo ina miiba yake, na mmoja twataka kuutazama leo: kitenzi chenye maneno mawili, "break out".

Mwanafunzi hufungua kamusi akaona kwamba "break" ni kuvunja, na "out" ni nje. Akiyaunga hupata "kuvunja nje", maneno yasiyo na maana. Sababu ni kwamba maneno hayo yakisha kufungwa pamoja huwa kitenzi kipya. Tusiwacheke Waingereza: nasi husema mtu "ameangua kicheko", wala hakuna tunda lililoanguka mtini.

Maana zake kubwa ni nne. Kwanza, jambo baya kuanza ghafula, kama vita, moto au ugonjwa: Vita vya Pili vya Dunia vilizuka hivyo mwaka 1939. Pili, mfungwa kuvunja gereza na kutoroka. Tatu, vipele au jasho kumtoka mtu mwilini. Nne, watu kuangua kicheko au kupaza wimbo kwa mara moja. Tena maneno yakigeuzwa, "out" likatangulia, hupatikana jina "outbreak", ndiyo kuzuka kwa vita au ugonjwa.

Hapo ndipo penye hatari. Watafsiri wengi huliandika jina hilo "mlipuko wa ugonjwa". Mahali pengine huenda lisidhuru, lakini Goma ina habari zake. Hapa mlipuko ni Nyiragongo kwanza: mlima huo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ukapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu, tena tarehe 22 Mei 2021. Mlipuko ni bomu pia. Na magonjwa nayo yamefika: mwaka 1994 kipindupindu, ambacho wengi hukiita kolera, kiliua maelfu ya wakimbizi kandokando ya mji, na Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma.

Waingereza wana kitenzi kwa kila jambo: mlima "erupts", bomu "explodes", ugonjwa "breaks out". Sisi tukiyatia yote katika kapu moja, mama asikiaye "Mlipuko!" afanye nini? Volkano ikilipuka, yampasa kuwachukua watoto na kuondoka katika njia ya moto. Bomu likilipuka, alale chini. Lakini kolera ikizuka, kukimbia ovyo kwaweza kuueneza ugonjwa. Yampasa kuchemsha maji ya kunywa, kunawa mikono kwa sabuni, na kumpeleka mgonjwa hospitali upesi, huku akimnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo.

Basi, ninyi vijana mnaowasomea wazazi matangazo ya Kiingereza, tazameni kwanza ni kitu gani kinachosemwa, ndipo mchague kitenzi. Semeni: volkano imelipuka, kolera imezuka, moto umewaka, mfungwa ametoroka, vipele vimemtoka mtoto. Kiswahili chetu hakikosi maneno. Kilichobaki ni sisi kuyatumia kila moja mahali pake. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na mkalimani akijikwaa ulimi, waumiao ni wale waliomwamini.