Disleksia: Akili Ipo, Kusoma Ndiko Kugumu

Disleksia ni tatizo la kujifunza linalomfanya mtu ashindwe kusoma na kuandika kwa wepesi unaolingana na akili yake, umri wake na mafunzo aliyoyapata. Macho yake yanaona, masikio yanasikia, na mazungumzo anayamudu. Kinachomshinda ni kuyageuza maneno yaliyoandikwa kuwa sauti haraka, bila kutoka jasho. Makadirio yanayotajwa zaidi na wataalamu ni watu watano hadi kumi katika kila 100. Idadi hiyo hupanda na kushuka kutegemea mpaka umewekwa wapi, kwa sababu hakuna mstari wa wazi unaomtenga msomaji mzito na mwenye disleksia. Ni suala la kiwango, kama lilivyo shinikizo la damu.

Miongoni mwa walioanza kulieleza tatizo hili walikuwa madaktari wa macho, na jambo hilo liliwapotosha watu kwa muda mrefu. Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, Ujerumani, ndiye aliyetunga jina lake katika miaka ya 1880, akiwazungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kudhurika. Novemba 1896, W. Pringle Morgan, daktari wa mji mdogo wa Seaford kusini mwa Uingereza, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Percy hakuwa ameumia kichwa. Alikuwa mchangamfu, mwepesi michezoni, na hesabu alizipiga vizuri. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kufundishwa, bado alisoma kwa kuhangaika na neno moja moja, na hata jina lake mwenyewe aliliandika herufi zikiwa zimebadilishana nafasi bila yeye kugundua. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na ni vigumu kupata maelezo mafupi ya disleksia yanayoishinda kauli hiyo.

Morgan na wenzake, akiwemo daktari James Hinshelwood wa Glasgow, waliliita tatizo hilo upofu wa maneno, na dhana ya macho ikang'ang'ania. Hadi leo mzazi akiambiwa kwamba mtoto hasomi, wazo la kwanza ni miwani. Kupima macho si vibaya, maana asiyeona ubao naye hatasoma, lakini miwani haiondoi disleksia. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho nchini Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba lenzi za rangi na mazoezi ya macho havijathibitika kuitibu. Hata hivyo, biashara ya vitu hivyo haijafa. Kugeuza b kuwa d nako si ushahidi wa kutosha, kwani watoto wengi wanaoanza kusoma hufanya hivyo, kisha wakaacha kadiri wanavyozoea.

Mzizi wa tatizo, kwa jinsi utafiti wa miongo ya karibuni unavyoonyesha, uko kwenye sauti. Mtu anaposema "paka" hutoa mkupuo mmoja. Hasimami kati ya p na a. Ili asome, mtoto lazima atambue kwamba mkupuo huo una vipande ndani yake, kwamba ukiondoa p ukaweka t unapata "taka", na kwamba kila kipande kina herufi yake. Watoto wengi hulinasa jambo hilo baada ya mazoezi ya muda mfupi. Mwenye disleksia hupata taabu kuvitenganisha vipande hivyo na kuvishikilia kichwani kwa mpangilio, hivyo herufi hukosa mahali imara pa kujishikiza. Wengi wao pia huchelewa kutaja vitu wanavyovijua vyema, kama rangi au tarakimu, wanapotakiwa kuvitaja mfululizo na kwa haraka.

Picha za ubongo zinakubaliana na maelezo hayo. Msomaji mzoefu anaposoma, maeneo kadhaa ya upande wa kushoto wa ubongo, juu ya sikio na kuelekea kisogoni, huchangamka kwa pamoja. Kwa mwenye disleksia maeneo hayo hufanya kazi kwa kiasi kidogo. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wa Uingereza, Ufaransa na Italia wenye disleksia. Waitaliano walisoma kwa usahihi kuliko wengine, lakini upungufu ndani ya ubongo ulikuwa ule ule kwa wote. Tatizo hurithiwa pia: mwenye mzazi au ndugu mwenye disleksia ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo, na jeni zinazochangia ni nyingi, kila moja kidogo kidogo. Wavulana hupelekwa kwa wataalamu zaidi kuliko wasichana, lakini utafiti wa Sally Shaywitz katika jimbo la Connecticut, uliochapishwa mwaka 1990, uliwapima watoto wote badala ya kuwasubiri walimu wawachague, na pengo hilo likakaribia kutoweka. Mvulana aliyeshindwa kusoma hufanya fujo akaonekana, msichana hunyamaza.

Tofauti ile ya Waitaliano inamhusu sana msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Wale wa Kifini na Kigiriki walisoma karibu maneno yote ya kawaida sawasawa, ilhali watoto wa Scotland, wanaojifunza kwa Kiingereza, walipata kama theluthi moja tu. Maandishi ya Kiswahili yanafanana na ya Kifini kwa jambo hili, maana herufi a husomeka a popote ilipo, na aliyezishika silabi za ba be bi bo bu anaweza kulitamka neno ambalo hajawahi kulisikia. Katika lugha za namna hii, disleksia haijitokezi sana kwa makosa. Hujitokeza kwa mwendo. Mtoto husoma sawasawa, lakini polepole mno, silabi kwa silabi, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka.

Kiswahili kina mitego yake pia. Neno moja hubeba mzigo wa sentensi nzima: "hawakutuandikia" lina silabi nane, na ndani yake mna kukanusha, wakati, mtendaji na mtendewa. Msomaji mwepesi huliona kwa vipande vyenye maana. Anayesoma silabi moja moja huchoka kabla ya kulimaliza. Kuna mb, nd, mw, ny na ng', ambapo herufi mbili au zaidi huwakilisha sauti moja au sauti zilizobanana, na mtoto mwenye tatizo hudondosha mojawapo, akaandika "buzi" badala ya "mbuzi". Hapa mwalimu anahitaji uangalifu. Anayechanganya l na r, au anayeandika "samani" akikusudia "thamani", huenda anaandika tu kama wanavyotamka nyumbani kwao, na hilo si disleksia hata kidogo.

Kwa kuwa Kiswahili husamehe, wengi hupita darasa la kwanza na la pili bila kugunduliwa, hasa katika madarasa makubwa yanayosoma kwa pamoja kwa sauti. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hukariri ukurasa mzima kutoka midomoni mwa wenzake na kuusoma hata kitabu kikiwa kimefunguliwa ukurasa mwingine. Mwalimu mjanja humtambua kwa kumwomba asome sentensi ya katikati, au orodha ya silabi zisizo neno lolote. Dalili nyingine huwa zimeshapita bila kutiliwa maanani: kuchelewa kuongea, kushindwa kugundua kwamba maneno mawili yana vina, kusahau mpangilio wa siku za wiki, na ndugu wa tumbo moja aliyeacha shule kwa sababu zile zile.

Mambo huharibika Kiingereza kinapochukua nafasi. Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha akifika kidato cha kwanza vitabu vyote hubadilika. Kenya, Kiingereza huanza mapema zaidi na kuwa lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne. Katika Kiingereza, "though", "through" na "tough" huandikwa kwa mkia mmoja na kutamkwa kwa namna tatu, na mbinu iliyomwokoa mtoto katika Kiswahili, ile ya kuunganisha silabi taratibu, haifui dafu. Aliyekuwa wa wastani anakuwa wa mwisho ndani ya muhula mmoja. Walimu husema amezembea, wazazi husema makundi mabaya, wenzake humwita kilaza, naye mwenyewe huamini. Ni kweli kwamba wanafunzi wengi wasio na disleksia huanguka katika hatua hiyo hiyo, kwa kuwa lugha yenyewe hawaijui. Kinachowatofautisha ni historia: mwenye disleksia alikuwa mzito hata katika Kiswahili, ila hakuna aliyempima kwa saa.

Hakuna dawa ya disleksia, wala haiishi kwa kukua. Kinachosaidia ni mafundisho. Katika miaka ya 1930 mwalimu Anna Gillingham, akishirikiana na daktari Samuel Orton wa Marekani, alianza kutengeneza utaratibu wa kufundisha ambao misingi yake bado inatumika. Sauti na herufi hufundishwa waziwazi, kwa mpangilio, kuanzia zilizo rahisi. Hakuna hatua inayoanzwa kabla ya iliyotangulia kukaa, na mtoto huitamka sauti huku akiiona na kuiandika, hata kwa kidole mchangani. Kwa Kiswahili kazi hii haihitaji vifaa vya gharama. Kadi za herufi zilizokatwa kwenye maboksi zinatosha, ilimradi mwalimu asiishie kwenye silabi: mtoto mwenye disleksia anatakiwa aivunje "ba" aone b na a ndani yake, jambo ambalo chati ya ukutani huliruka. Dakika ishirini kila siku katika kikundi cha watoto wachache huzaa zaidi kuliko tuisheni ndefu ya Jumamosi, na kuanza akiwa na miaka sita au saba kunazaa zaidi kuliko kuanza akiwa na kumi na miwili. Kumrudisha darasa bila kubadilisha mafundisho ni kumpa mwaka mwingine wa kile kile kilichomshinda.

Nchini Finland, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä wakiongozwa na Heikki Lyytinen waliwafuatilia tangu kuzaliwa watoto ambao wazazi wao walikuwa na disleksia, na kutokana na kazi hiyo ukatengenezwa mchezo wa kompyuta na simu uitwao GraphoGame. Mtoto husikia sauti na kuchagua herufi yake, na mchezo humrudishia zile anazokosea. Umewahi kutengenezewa toleo la Kiswahili na kujaribiwa na watoto wa Kenya, na Zambia nako umejaribiwa kwa lugha za huko. Mchezo huo hufundisha herufi na sauti zake, lakini ufahamu wa habari bado unahitaji mwalimu na vitabu.

Sambamba na mafundisho, mwanafunzi anahitaji njia nyingine ya kupata elimu wakati kusoma kwake kunajengwa. Uingereza, mwanafunzi aliyethibitishwa huweza kuongezewa robo ya muda wa mtihani, au kupewa mtu wa kumsomea maswali. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaruhusu vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa kuwa vya kusikiliza kwa ajili ya wasioona na pia kwa wenye ulemavu wa kusoma. Kundi hili la pili husahaulika mara nyingi mkataba unapotajwa. Darasani, mwalimu anaweza kumuuliza mtoto maswali kwa mdomo, kutomsimamisha kusoma mbele ya wenzake bila maandalizi, na kusahihisha jibu la sayansi kwa sayansi yake badala ya tahajia. Kiboko hakina kazi hapa. Nyumbani, mzazi anayemsomea mtoto hadithi humwongezea msamiati ambao wenzake wanaupata vitabuni.

Watu wazima wenye disleksia wamejaa kila kazi, na wengi hawajui kwamba wanayo. Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa mbio za magari wa mwaka 1969, 1971 na 1973, aliacha shule akiwa na miaka 15 akiitwa mjinga, na akagundua tatizo lake akiwa amepita miaka 40, baada ya mwanawe kupimwa. Jacques Dubochet wa Uswisi, mwenye disleksia tangu utotoni, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2017. Mifano hii hutumika kudai kwamba disleksia ni kipaji kilichojificha. Dai hilo halina ushahidi wa kutosha, na linaweza kumwongezea mzigo kijana ambaye hana kipaji cha pekee ila anataka kusoma tu barua ya kazi.

Kwa mtu mzima wa kawaida shida ziko kwenye fomu ya benki, mkataba wa nyumba, na kikao ambapo karatasi hugawiwa papo hapo. Wengi wamejifunza kusema wamesahau miwani. Simu imewapunguzia mzigo: ujumbe wa sauti umechukua nafasi ya kuandika, na programu za kusoma maandishi kwa sauti zipo hata kwa Kiswahili. Mwajiri anayetuma karatasi za kikao siku moja kabla huwa amemaliza nusu ya tatizo bila gharama. Kufundishwa upya ukubwani kunawezekana pia, kwa njia zile zile za sauti na herufi, ila kunachukua muda zaidi. Usahihi wa kusoma ndio hutangulia kurekebika, kasi hufuata polepole, na tahajia hubaki nyuma hata kwa waliomaliza shahada.