Kijazo, jaza na shindilia: mkate ndani ya kuku wa kuoka

Kijazo ni kitu kinachotiwa ndani ya kingine ili kuziba uwazi wake. Nomino hii hutokana na kitenzi jaza, kama kizibo kinavyotokana na ziba na kifuniko na funika. Katika mapishi, ni mchanganyiko unaotiwa tumboni mwa kuku au bata mzinga kabla ya kuokwa. Isichanganywe na ujazo, ambao ni kipimo cha nafasi: chungu chenye ujazo wa lita 5 kinaweza kuwa kitupu.

Mfano mzuri ni kijazo cha mkate wa mahindi cha majimbo ya kusini mwa Marekani, kinachopikwa hasa kwa Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Unga wa mahindi huchanganywa na mayai na maziwa ya mgando, ukaokwa katika kikaango kizito cha chuma; wapishi wengi wa huko hawautii sukari. Mkate hulala hadi kesho yake ukauke, kisha hufikichwa. Vitunguu na seleri hulainishwa kwa siagi, vikachanganywa na mkate huo pamoja na pilipili manga, mayai, supu ya kuku na seji, jani kavu lenye harufu kali. Mkate mkavu hunywa supu bila kuwa uji. Mkate wa moto hauwezi.

Katika kuandika maelekezo ya pishi hili, uteuzi wa kitenzi una uzito. Jaza ni kutia mpaka nafasi iishe, pasipo kulazimisha; ndiyo maana iliyomo katika methali "Haba na haba hujaza kibaba". Shindilia ni kutia kwa kusukuma na kukandamiza, kama pamba katika gunia au baruti katika gobori.

Mpishi akiambiwa ashindilie mkate tumboni mwa kuku, atatii na kuharibu chakula. Mkate huvimba unapofyonza maji ya nyama. Ukikosa nafasi, huwa donge zito. Joto nalo huchelewa kufika katikati ya donge hilo, ilhali maji ya nyama mbichi yameshalilowesha. Bakteria wa salmonela wanaweza kubaki hai humo hata kifua kikionekana kimeiva. Kwa hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani huelekeza kwamba katikati ya kijazo, si nyama peke yake, pafikie nyuzi 74 za Selisiasi. Kuku wa kilo 2 hutoshwa na vikombe 3 hivi, vinavyotiwa kwa kijiko, bila kubanwa, muda mfupi kabla ya kuingia katika oveni.

Kusini wengi hukwepa hatari hiyo kwa kuoka mchanganyiko katika chombo cha kando. Ukipikwa hivyo haujazi kitu, hivyo jina kijazo haliufai. Mkate wa viungo ni jina linaloueleza vyema zaidi.

Matumizi:
Jaza kuku kijazo cha mkate, ukiacha nafasi ya kuvimba. (sahihi)
Shindilia mkate ndani ya kuku. (lisitumike katika maelekezo ya pishi hili)
Bata mzinga aliyejazwa mkate wa mahindi ameokwa. (sahihi)
Bata mzinga ana ujazo wa mkate. (si sahihi)