Torati Peke Yake Haitoshi: Wanayofundishwa Watu Wazima Wanaoanza Kuusoma Uyahudi

Mwislamu aliyesoma chuoni na Mkristo aliyelelewa katika Shule ya Jumapili wote wawili hudhani wanamfahamu Myahudi. Wanamjua Ibrahimu, Musa na Daudi. Habari za bahari iliyogawanyika wamezisikia tangu utotoni. Kwa hiyo wengi huona kwamba dini ya Kiyahudi ni Agano la Kale basi, au ni Taurati na hakuna zaidi. Kuiondoa dhana hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mwalimu wa darasa la utangulizi wa Uyahudi. Kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, maana asiyeivuka hataelewa hata chakula kilichowekwa mezani katika nyumba ya Kiyahudi leo.

Madarasa ya namna hii yapo katika miji mingi ya Marekani na Uingereza. Huendeshwa na masinagogi au vyuo, mara nyingi jioni, kwa miezi kadhaa. Chuo cha American Jewish University cha Los Angeles kina programu ya Miller, mojawapo ya zinazojulikana sana. Wanaokuja ni mchanganyiko. Uchunguzi wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya Wayahudi wa Marekani waliofunga ndoa tangu 2010 wameoa au kuolewa na wasio Wayahudi. Ndiyo sababu wachumba na wanandoa huonekana wengi darasani. Wapo Wayahudi wa kuzaliwa ambao hawakufundishwa chochote utotoni. Wapo wanaofikiria kujiunga na dini hii, na wapo wanaotaka tu kuijua. Wote hukaa pamoja, na hapo ndipo darasa hili linapotofautiana na mafundisho ya ubatizo, ambayo mtu huyaanza akiwa tayari anajua anakoelekea.

Sasa turudi kwenye dhana ile. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza hekalu la Yerusalemu. Dhabihu zikakoma na makuhani wakabaki bila madhabahu. Dini iliyosimama baada ya hapo ilijengwa na marabi, yaani wanazuoni wa sheria. Mishna, yaani mkusanyo wa sheria zao za mapokeo, ilikusanywa mnamo mwaka 200, na mijadala juu yake ikazaa Talmudi ya Babeli karne kadhaa baadaye. Myahudi wa leo huisoma Torati kupitia mikono ya watu hao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyama na maziwa. Torati inakataza, mahali patatu, kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake. Haisemi zaidi. Marabi walijiuliza kwa nini jambo moja lirudiwe mara tatu, wakafasiri kwamba marufuku ni tatu: kupika, kula, na kunufaika kwa namna yoyote. Kisha wakaizungushia sheria uzio. Kuku hanyonyeshi, lakini watu humhesabu kuwa kitoweo cha nyama, basi naye akakatazwa kuliwa kwa maziwa. Hata hivyo Talmudi yenyewe inasimulia kwamba katika mji wa Rabi Yose wa Galilaya watu walimla kuku kwa maziwa, na habari hiyo haikufutwa. Vizazi vikapita, likaja swali la muda wa kusubiri baada ya kula nyama. Jamii nyingi husubiri saa sita, Wayahudi wenye asili ya Ujerumani saa tatu, wa Uholanzi saa moja. Mwanafunzi akifika hapa ameelewa kwa nini jikoni mna sufuria za aina mbili, na ameelewa pia kwamba katika dini hii rai iliyoshindwa huhifadhiwa kando ya rai iliyoshinda.

Kalenda nayo hufundishwa mapema. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua. Kwa watu wetu wa pwani, ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa, hilo halina ugumu. Miezi hufuata mwandamo, siku 354 kwa mwaka wa kawaida. Ila Pasaka lazima iangukie majira ya kuchipua, kwa hiyo mwezi mmoja huongezwa mara saba katika kila miaka 19. Kalenda ya Kiislamu haina nyongeza hiyo; ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, na Pasaka ya Kiyahudi haizunguki.

Kwamba maandiko peke yake hayatoshi, Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Karibu na Mbale, Uganda, mwaka 1919 Semei Kakungulu, aliyekuwa kamanda wa kijeshi, alitahiriwa yeye na wanawe, akajitangaza Myahudi kwa kuisoma Biblia peke yake. Mwaka 1920 alikutana na Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef, aliyekaa nao miezi sita hivi akiwafundisha kalenda, sikukuu na sheria za vyakula. Kwangu mimi hilo lilikuwa darasa la utangulizi kamili, na liliwapa kile ambacho kurasa za Biblia hazikuwapa. Jamii hiyo, Abayudaya, ingalipo. Kiongozi wao Gershom Sizomu alifuzu urabi mwaka 2008 katika chuo kilekile cha Los Angeles.

Kumaliza kozi hakumfanyi mtu kuwa Myahudi. Anayetaka kujiunga husimama mbele ya baraza la watu watatu, huzama katika maji ya mikve, yaani birika la utakaso, na mwanamume hutahiriwa. Talmudi inaagiza kwamba mtu huyo aulizwe kwanza kilichomleta ilhali Waisraeli wanateseka, kisha aelezwe baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya nzito. Lakini marabi wa Othodoksi hawaukubali uongofu uliofanywa na wenzao wa madhehebu ya Mageuzi au ya Konsavativu. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba waliojiunga nchini humo kupitia madhehebu hayo mawili wana haki ya uraia. Kwa ndoa za Wayahudi nchini humo, mamlaka bado iko kwa marabi wa Othodoksi. Mwalimu anayewajali wanafunzi wake huwaeleza jambo hili katika wiki za mwanzo, kabla mtu hajaanza kupanga harusi.