Mwajiri mdogo, wasilisha mchango wa SHA: una nafuu ya ushuru

Mwenye duka Ukunda, saluni Diani au mkahawa Msambweni akiajiri mtu mmoja tu kwa mshahara, sheria inamhesabu kuwa mwajiri. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiri anatakiwa kukata asilimia 2.75 ya mshahara wote wa mfanyakazi na kuiwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri haongezi chake juu.

Je, kuna nafuu gani ya ushuru?

Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango huu hutolewa kwanza kwenye mshahara, ndipo PAYE ihesabiwe. Mfanyakazi wa shilingi 40,000 huchangia 1,100, na PAYE yake hupungua kwa shilingi 330. Chini ya utaratibu wa awali, nafuu ilikuwa asilimia 15 ya mchango, yaani shilingi 165. Anayelipwa chini ya shilingi 24,000 hatozwi PAYE, kwa hivyo hana cha kupunguziwa.

Je, bima ya kibinafsi?

Mwajiri anaweza kuwanunulia wafanyakazi bima ya kibinafsi, lakini haiondoi wajibu wa SHA. Malipo yake huhesabiwa kama gharama ya biashara. Kampuni inayotozwa asilimia 30 ya faida ikilipia bima ya shilingi 100,000, ushuru wake hupungua kwa 30,000.

Biashara inayolipa ushuru wa asilimia 3 ya mauzo, ile yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, haipati nafuu hii, kwa sababu ushuru huo hautoi gharama yoyote. Mwenyewe anaweza kuiandikia KRA akitaka kutozwa kwa faida badala ya mauzo. Piga hesabu kwanza.

Usikate bila kuwasilisha

Katika zahanati na vituo vya afya vya umma, aliyejisajili na SHA hutibiwa bila malipo. Akilazwa Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, ni lazima mchango wake uwe umelipwa. Pesa iliyokatwa ikabaki dukani humfanya mgonjwa aonekane hajalipiwa, ilhali mshahara wake umekatwa, na bili huiangukia familia.

Vilevile, hoteli za pwani zinapopunguza wafanyakazi msimu wa mvua, mwajiri huacha kuwachangia. Mwajiri, waarifu mapema ili wapange kujilipia wenyewe. Mchango wa wasio na mshahara hulipwa wa mwaka mzima, si wa mwezi.

Mfanyakazi, piga *147# uhakikishe umesajiliwa pamoja na mwenzi na watoto wako, kisha muulize mwajiri kama mchango wa mwezi uliopita umefika.