Simu Kuukuu Inapopokea Programu Mpya

Mwenye simu ya miaka minne au mitano, akiona ujumbe wa kumtaka apokee programu mpya, aghalabu husita. Amekwisha kusikia kwamba programu mpya huifanya simu kuukuu kuwa nzito. Dhana hiyo haikuzuka bure, ingawa sababu yake si ile idhaniwayo na wengi.

Mwezi Januari 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa programu iitwayo iOS 10.2.1, na baadhi ya simu zilizoipokea, kama vile iPhone 6 na 6s, zikapunguziwa kasi. Kiini cha mambo kilikuwa betri. Betri ya lithiamu, kadiri inavyojazwa na kutumiwa, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Prosesa, yaani sehemu ifanyayo hesabu zote za simu, ikihitaji ghafla mkondo mkubwa wa umeme, ukinzani huo huishusha volteji. Nayo ikishuka kupita kiasi, simu huzimika papo hapo, hata kama betri haijaisha. Baridi huzidisha tatizo hilo. Programu ile iliizuia prosesa isidai umeme mwingi kwa mara moja: simu haikuzimika, bali ilikwenda polepole.

Kihandisi, dawa hiyo haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kutowaeleza wenye simu waziwazi. Kampuni ilikiri tarehe 20 Desemba 2017, baada ya watumiaji kupima wenyewe na kuona kwamba simu ikibadilishwa betri hurudiwa na kasi yake. Ambaye alikwisha kununua simu mpya, kumbe betri tu ingalimtosha! Mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda walaji iliitoza kampuni hiyo Euro milioni 25.

Hata hivyo, kukataa programu mpya kuna hatari kubwa zaidi. Kila marekebisho ya usalama yatangazwapo, wahalifu nao hupata kujua mahali pa kupenyea katika simu zisizorekebishwa. Ndiyo maana iPhone 5s, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ilipelekewa marekebisho ya namna hiyo hata mwezi Januari 2023.

Ama kuhusu betri, tangu iOS 11.3 ya Machi 2018 mwenye iPhone 6 au ya baadaye aweza kusoma hali yake katika simu yenyewe, na hata kuiondoa breki ile akipenda. Ila simu ikizimika tena kwa ghafla, breki hurudi yenyewe.