Tumwiteje Mnyama Huyu? Hoja juu ya Neno "Kijeledi"

Yuko mnyama mmoja wa usiku, bapa kama jani kavu, akaaye katika nyufa za miamba, mapangoni na chini ya magome ya miti. Wataalamu wa elimuviumbe humweka katika oda ya Amblypygi, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya "mwenye matako butu", yaani asiye na mkia. Spishi yake mojawapo, Damon diadema, hupatikana Tanzania na Kenya, na kwa miaka mingi imekuwa ikikamatwa na kusafirishwa hai hadi Ulaya na Marekani, ambako watu humweka katika makasha ya vioo kwa kujifurahisha. Huko ughaibuni wauzaji humtangaza kwa majina yenye neno Tanzania ndani yake. Huku kwetu, mfasiri amkutaye katika hati hana la kuandika.

Desturi imekuwa kukimbilia "buibui" au "nge". Yafaa ieleweke kwamba yote mawili yanapotosha. Mnyama huyu hatagi utando, hana sumu, wala hana mwiba wa kuchomea. Mikono yake miwili ya mbele ina miiba, nayo yaweza kumkwaruza mtu amshikaye kwa nguvu, basi. Amwitaye nge amekwisha kumhukumu kifo, kwani nani atauliza swali la pili baada ya kusikia "nge"? Katika mji kama Mwanza, ambako nyumba zimejengwa juu ya mawe na kati ya mawe, na nyufa za namna hiyo ndizo makao ayapendayo kiumbe huyu, jina baya si kosa la karatasini tu.

Kosa jingine liko darasani. Watoto wetu hufundishwa kwamba mdudu kamili ana miguu sita, na jamii ya buibui minane. Sasa mwanafunzi akimtazama mnyama huyu akitembea, ataona miguu sita na kuandika "mdudu". Miguu yake hasa ni minane, ila jozi ya kwanza haikanyagi chini. Imekuwa myembamba na mirefu mno, kupita urefu wa mwili mara kadhaa, naye huitumia gizani kupapasa njia na kutafuta windo. Mwalimu na amwelekeze mwanafunzi ahesabu miguu inapoanzia mwilini, si inapokanyaga. Alama nyingine ni mwendo wa ubavu, kama wa kaa, na jike abebaye mayai chini ya tumbo, kisha watoto mgongoni hadi wajivue ngozi mara ya kwanza.

Tukirudi kwenye jina, wazo la kwanza humjia mtu kutokana na kitenzi "papasa": kipapasi. Lingekuwa neno zuri lau nafasi isingekuwa imekwisha kushikwa. Papasi ni kupe wa nyumbani aletaye homa ya papasi, na hapana mganga atakayetushukuru kwa kuyakaribisha majina hayo mawili namna hiyo. Wazo la pili ni kufuata Wazungu, ambao humfananisha na mjeledi kwa sababu ya ile miguu mirefu. Mfano wenyewe si mbaya, ila neno lichaguliwe kwa hadhari. Mjeledi huitwa pia kiboko; na mtu wa Ukerewe au Sengerema akisikia "buibui-kiboko" atatazama ziwani kabla ya kutazama ukutani. "Buibui-mjeledi" nalo lamrudisha kiumbe kule kule tulikomtoa, maana katika Kiswahili neno la kwanza ndilo lisemalo kitu ni nini.

Twapendekeza "kijeledi", wingi "vijeledi". Mjeledi ni neno lililozoeleka tangu zamani, na umbo la ki-/vi- si geni kwa wanyama: kifaru, kipepeo, na huyo kiboko mwenyewe. Upatanisho uwe wa viumbe hai: kijeledi huyu anatembea, vijeledi hawa wanatembea. Katika vitabu vya sayansi jina la oda liandikwe kando yake.

Liko pia suala la "kufuga". Mfugo kwa Mswahili ni ng'ombe, mbuzi, kuku, yaani wanyama waliozaliwa mikononi mwa watu. Kijeledi aliyetolewa mwambani jana hakufugwa, amenaswa. Tofauti hii si ya ushairi. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai, na katika suala kama hilo karani aandikaye "mfugo" badala ya "mnyamapori aliyenaswa" aweza kubadili hukumu ya shehena nzima. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya sheria na mahakama, uzito wa neno moja umeongezeka. Mwanza yenyewe ina kielelezo: kisiwa cha Saanane kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Mawe ni yale yale. Istilahi imebadilika, na amri juu ya wanyama pamoja nayo.

Kwa mfasiri wa maelezo ya utunzaji, jambo moja lisipotee: kijeledi hujivua ngozi akining'inia kichwa chini, na akianguka wakati huo aweza kufa. Kwa hiyo kasha lake lisemwe "refu kwa kimo", si "kubwa" tu.

Kabla pendekezo hili halijasanifiwa, utaratibu wetu wataka lugha za jirani zisikilizwe kwanza. Walimu walioko kwa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wazinza na Wakara wawaulize wazee jina la mnyama huyu, wakimwonyesha picha, maana maelezo matupu yatawaletea jina la buibui. Likipatikana neno moja litamkikalo kwa urahisi, "kijeledi" na kilipishe.